Mwanariadha wa Sekondari na Jicho la Kocha wa Ng'ambo
Mwaka 1978 Henry Rono, kijana wa Kenya aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu cha Washington State, alivunja rekodi nne za dunia katika muda wa siku 81, na hata leo makocha wa vyuo vya Marekani wangali wakiyaelekeza macho yao Bonde la Ufa. Lakini jicho la kocha, hata liwe kali namna gani, halimwoni asiyejitokeza.

Basi mwanafunzi mwenye mbio na amwandikie kocha waraka wa kuomba ufadhili kwa mkono wake mwenyewe, wala asimwachie dalali adaiye ada kabla ya kazi. Ataje masafa, muda, tarehe na mahali, mathalani "mita 1,500, dakika 3:52, Eldoret", kisha aseme kweli kama muda huo ulipimwa kwa saa ya kubonyezwa kwa kidole au kwa mtambo wa umeme. Mahali nako hutajwa kwa maana Eldoret, iliyo zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, hewa yake ni nyepesi, na kocha mwenye maarifa hulitia hilo hesabuni. Mcheza kandanda, ambaye ustadi wake hausomeki katika saa, sharti apeleke filamu fupi, ibainike ni yupi kati ya wale ishirini na wawili.

Alama za darasani nazo hazina hila. NCAA, chama kisimamiacho michezo ya vyuo huko Marekani, huzikagua kabla ya kumruhusu mtu kushindana katika daraja la kwanza na la pili. La tatu, ifahamike, halitoi ufadhili wa michezo kabisa.