Hakuna Polisi wa Saumu

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa vijana wetu, mwanafunzi wa chuo kikuu, katika darsa la vijana baada ya swala ya Alasiri.)



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu vijana. Mimi si sheikh. Nimeambiwa nizungumze kuhusu sheria, maadili na teknolojia, na pengine mnadhani nimekuja kuwasema watu. Leo nimekuja kujisema mwenyewe.

Ramadhan ya mwaka wangu wa kwanza chuoni, jioni moja kabla ya kufuturu, simu yangu ililia. Kufungua, ni M-Pesa. Shilingi 2,300 kutoka kwa mama mmoja nisiyemjua. Mfukoni nilikuwa na shilingi 40, na kodi ya chumba ilikuwa haijalipwa. Nikasema, "Alhamdulillah, rizki ya Ramadhan hii." Mnaona nafsi ilivyo na haraka ya kumsingizia Mungu?

Nilijua kwamba aliyekosea namba anaweza kuituma ile meseji kwa 456 akaomba arudishiwe, lakini pesa zikishatolewa kazi huwa ngumu. Basi nikaenda kwa wakala mbio, nikazitoa, nikanunua na nusu kuku ya kufuturia. Yule mama akapiga. Sikushika. Akapiga tena. Nikazima simu, nikaenda tarawehe.

Wallahi, imamu alikuwa anasoma Qur'an na mimi nahesabu pesa. Usiku nilipowasha simu nikakuta meseji yake. Amekosea tarakimu moja, pesa ni za kwenda kununua bidhaa za genge lake. Hakunitukana. Alimalizia kwa kuniombea dua. Hiyo dua ndiyo iliyoninyima usingizi, na daku haikupita kooni.

Asubuhi nikamkopa mwenzangu ile iliyopungua, nikarudisha zote. Kisha nikampigia nikamwambia ukweli: "Mama, mimi sikuwa nimelala jana. Nilikuwa nimeziba masikio." Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Umerudisha, mwanangu. Mungu akukubalie saumu yako." Ndugu zangu, saumu gani hiyo ya kukubaliwa? Nililia.

Baadaye nikaja kusoma kwamba nilichofanya si aibu tu, ni jinai. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandaoni, kifungu cha 35, inasema kwamba mtu akificha makusudi pesa zilizomfikia kwa makosa kwa njia ya elektroniki, anaweza kutozwa faini hadi shilingi 200,000, au kufungwa hadi miaka miwili, au vyote viwili.

Nikajiuliza: ningeijua sheria hii siku ile, ningerudisha? Pengine ningerudisha. Lakini ningerudisha kwa kumwogopa polisi. Na kama ningekuwa na hakika kwamba polisi hatajua? Hapo ndipo penye mtihani.

Sisi tuliosoma madrasa tulifundishwa mlango wa kitu kilichookotwa. Mtume (S.A.W.) aliamuru mtu atambue alama za alichookota, kisha akitangaze mwaka mzima. Mwaka mzima, kwa sababu mwenyewe hajulikani! Mimi ujumbe wangu ulikuja na jina la mwenyewe na namba yake, na mwenyewe akanipigia mara mbili. Teknolojia ilinirahisishia kurudisha amana kuliko mtu yeyote wa zamani, na ikanirahisishia kuila vile vile. Simu ni ile ile. Kilichobadilika ni nani anayeishika.

Hebu tutazame mfano wa historia. Marekani ilipiga marufuku pombe nchi nzima kuanzia mwaka 1920. Walikuwa na polisi, mahakama na jela. Watu wakapika kwa siri, wakaingiza kwa magendo, majambazi kama Al Capone wa Chicago wakatajirika. Hata yeye alipotiwa hatiani mwaka 1931, ilikuwa kwa kukwepa kodi. Mwaka 1933 marufuku ile ikaondolewa.

Sasa twende Madina. Bi Aisha (R.A.) ameeleza kwamba kilichotangulia kuteremka ni habari za Pepo na Moto, na mioyo ilipotulia katika Uislamu ndipo halali na haramu zikaja. Lau amri ya kuacha pombe ingekuwa ya kwanza, watu wangekataa. Na ilipokuja, Anas bin Malik (R.A.) alikuwa akiwanywesha watu nyumbani kwa Abu Talha. Sauti ya mpiga mbiu ikasikika nje. Abu Talha akamwambia aimwage. Pombe ikatiririka vichochoroni. Hakuna aliyevunjiwa mlango.

Msinielewe vibaya. Sisemi sheria haina kazi. Madina nako kulikuwa na hukumu na mahakimu. Yule mama ana haki ya kulindwa hata pesa zake zikimfikia mtu asiyemwogopa Mungu. Lakini sheria hufika pale jicho la mtu linapofika. Mbele ya hapo imebaki nafsi. Na Qur'an katika Surat Ash-Shams inatuambia kwamba nafsi imejulishwa uovu wake na uchaMungu wake. Vyote viwili vimo humu ndani. Aliyenituma mbio kwa wakala ni mimi, na aliyekosa usingizi pia ni mimi.

Ndiyo maana tumepewa Ramadhan. Nani anayekulinda saa nane mchana, uko peke yako, maji ya baridi yako pale, na koo limekauka? Hakuna polisi wa saumu. Hakuna kamera. Na bado hunywi! Basi ule moyo uliokuzuia kunywa maji yako ya halali, mbona hatuutumii kuzuia haramu iliyo kwenye simu? Tumbo limefunga lakini kidole gumba kinakula: picha zisizofaa usiku chini ya shuka, meseji za kumsengenya mwenzio, namba ya deni uliyoizuia isikupigie. Kisha tunafuta, tunadhani yamefutika. Surat Yaasin inatukumbusha siku ambayo vinywa vitapigwa muhuri na mikono itasema. Mikono hii hii inayoshika simu.

Ombi langu ni moja. Leo kabla ya kufuturu, kila mmoja aitazame simu yake kama anavyotazama sahani yake. Kuna pesa ya mtu? Irudishe. Kuna mtu anakupigia haki yake nawe hushiki? Mshikie. Usingoje kifungu cha 35.

Ewe Mola wetu, tutengenezee siri zetu zishinde dhahiri zetu, na umbariki mama yule katika genge lake. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.