Kanuni za Ulimwengu wa Kubuni: Kwa Nini Baadhi ya Tamthiliya za Kisayansi za Televisheni Hushindwa



Mada hii yaweza kuonekana ngeni katika taaluma ya Kiswahili. Tamthiliya ya bunilizi ya kisayansi inaposhindwa katika televisheni, sababu inayotajwa kwanza ni fedha: vyombo vya angani ni ghali, na watazamaji ni wachache. Sababu hiyo ni ya kweli, lakini haitoshi. Star Trek ilisitishwa na NBC ya Marekani mwaka 1969 baada ya vipindi 79, kisha ikapata umma mkubwa iliporudiwa katika vituo vingine. Kazi ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni namna ilivyomfikia mtazamaji. Katika mhadhara huu ninadai kwamba ulimwengu wa kubuni huanguka pale kanuni zake zinapokosa utaratibu unaofuatika, au maneno yanayoeleweka.

1. Utaratibu

Tuitazame nyanda ya juu ya Ufipa, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Wayeyusha chuma wa Kifipa walijenga ilungu, tanuri la udongo linalozidi kimo cha mtu, lililovuta hewa lenyewe kupitia mirija ya udongo, bila mivukuto. Chuma ghafi kilichopatikana kilisafishwa katika kintengwa, tanuri dogo la mivukuto, ndipo mhunzi akafua jembe. Hatua hizo hazibadilishani nafasi. Anayeanza na kintengwa hana cha kusafisha.

Mwaka 2002 kituo cha Fox kilionyesha Firefly. Vipindi 14 vilitengenezwa, 11 vikarushwa kabla ya kusitishwa, na kile cha ufunguzi, kinachotambulisha wahusika na ulimwengu wao, kikarushwa mwishoni, mwezi Desemba. Aidha, ilipangiwa Ijumaa usiku, saa ambazo vijana wengi hawapo nyumbani. Katika hadithi ya mapenzi, mtazamaji aliyekosa mwanzo huweza kubahatisha, kwa kuwa wivu anaujua. Sheria za sayari ngeni hana pa kuzibahatishia.

2. Maneno

Wenyeji hulifasili jina Sumbawanga kuwa ni “tupa uchawi”. Jina ni sentensi nzima, na Mswahili anayejua kitenzi kuwanga hulielewa nusu kabla ya kufasiriwa. Katama Mkangi alitumia mbinu ya namna hiyo katika riwaya yake ya mwaka 1995: Dzombo, aliyehukumiwa kifo, anarushwa angani na kufika Walenisi, yaani “wale ni sisi”. Msomaji hupewa sayari na maana yake kwa neno moja. Hakuna fedha iliyotumika hapo, ila lugha.

Kwa hiyo Kiswahili kina uwezo. Tatizo liko kwa mpokeaji. TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, lakini katika shule za umma za Tanzania Bara mtoto hujifunza sayansi kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha kwa Kiingereza katika sekondari. Istilahi zikabaki kamusini. Mtunzi akiandika mzingo, msikilizaji hukwama. Akiandika obiti, hukwama vilevile.

3. Hitimisho

Kinachohusika hapa ni zaidi ya burudani. Bunilizi ya kisayansi ni zoezi la kuuliza “ingekuwaje kama?” Kijana wa Sumbawanga asiyeweza kuuliza swali hilo kwa lugha anayoiwaza atabaki mtazamaji wa kesho zilizobuniwa na wengine, ilhali mababu zake waliipata hewa ya tanuri bila mivukuto.

Nawasihi wanafunzi wa isimu wasiishie kuorodhesha istilahi, bali wazitie katika vinywa vya wahusika. Istilahi huishi inapotamkwa na mtu mwenye hofu, njaa au matumaini. Watunzi nao wakumbuke ilungu kabla ya kintengwa: kanuni kwanza, maajabu baadaye.