Kisogo cha Mtoto Kikiwa Bapa

Leo nazungumza na wazazi wa Tunduma, Vwawa na Mkoa mzima wa Songwe.

Mama yuko sokoni tangu alfajiri, anapanga nyanya. Mwanawe wa miezi mitatu kalala chali chini ya meza, ndani ya boksi lililotandikwa kitenge. Mama hukaa kulia, basi mtoto naye hugeukia kulia kutwa nzima. Jioni moja, akimwogesha, kiganja chake kinagusa kisogo: upande wa kulia umekuwa bapa, na sikio la kulia limesogea mbele kidogo.

Mtoto huyo hajarogwa, wala mama hajamtelekeza. Mifupa ya kichwa cha mtoto mchanga ni laini na haijaungana. Ndiyo maana utosi hudunda. Upande unaolaliwa kila mara hubonyea. Ubapa wa namna hii haudhuru ubongo.

Utaambiwa umkande kichwa kwa maji ya moto ili kirudi. Usimkande. Wala usianze kumlaza kifudifudi usiku. Marekani ilianza kampeni ya kulaza watoto chali mwaka 1994, na vifo vya ghafla vya watoto usingizini vikapungua sana.

Tiba iko mikononi mwako. Usingizini alale chali, ila leo kichwa kielekee huku, kesho kule. Kaa upande asiopenda kugeukia, umwite kutoka huko. Akiwa macho, mlaze kifudifudi kifuani pako au mkekani, dakika chache, mara kadhaa kwa siku, ukimtazama. Shingo ikishakaza, mbebe mgongoni: kisogo hupumzika. Ukianza mapema, kichwa hujirekebisha taratibu kadiri anavyokua. Ng'ambo wapo wanaowavalisha watoto kofia ngumu za gharama kubwa, lakini utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2014 haukuona kwamba waliozivaa walipata nafuu kuliko walioachwa wakue bila kofia.

Lakini usingoje nyumbani ukiona shingo imekakamaa upande mmoja, tuta gumu juu ya fuvu, utosi uliovimba, au kichwa kinachokua haraka kuliko kawaida. Nenda kituo cha afya, beba kadi ya kliniki, na umwombe muuguzi apime mzunguko wa kichwa.

Mama, baba, bibi: usiku wa leo, kabla hamjamfunika mtoto, pitisheni kiganja kisogoni pake, kisha mgeuzieni kichwa upande wa pili.