Nati ya Konrodi ya Tatu

Jumapili hii naomba niwapeleke gereji.

Nilipokuwa masomoni Uingereza nilijiunga na darasa la kufufua injini za magari ya spoti ya zamani. Tulipewa injini ya MGB, gari lililoundwa Abingdon tangu 1962 hadi 1980. Silinda nne, ujazo wa sisi 1,798. Mwalimu wetu, mzee mpole, alikuwa mkali kwa jambo moja tu: vifuniko vya konrodi. Kila kifuniko huchongwa pamoja na konrodi yake, nacho hutiwa namba. Ukikihamishia kwa jirani, tundu hupoteza uduara wake na beringi huungua.

Jioni moja tulikwisha kufunga sampo, tukanawa mikono (grisi ile haikuogopa sabuni), ndipo moyo uliponichoma. Je, konrodi ya tatu niliikaza kwa spana ya kipimo, au niliizungushia nati kwa vidole tu, kisha nikaitwa kunywa chai? Sikukumbuka. Wenzangu walikwisha vaa makoti. Nani angejua? Injini ingewaka, ingenguruma vizuri. Kisha siku moja konrodi ingetoboa ubavu wa bloki, na aliyeshika usukani angekuwa mtu nisiyemjua kamwe.

Nikasema. Mwalimu hakunikemea, alivua koti, akanipa spana. Tukafungua tena yote. Nati ya kwanza ilikuwa imekazwa barabara. Ya pili ilizunguka nusu duara kabla spana haijalia.