Tofali Mbili kwa Siku

Wanangu, mume na mke, nina jambo moja tu la kuwaambia, nalo ni nyumba.

Juzi niliwasikia mkisema mtajenga mambo yakikaa sawa. Neno hilo linanitisha. Mimi na mama yenu, Mungu amrehemu, tulilisema miaka minne, kiwanja chetu cha Mbagala kikiota magugu. Tulipopata hela ya maana tukanunua mifuko kumi na miwili ya saruji, tukaiweka stoo, tukingoja hela ya mchanga, ya fundi, ya kila kitu kwa mpigo. Masika yakaingia, bati likavuja. Siku tunafungua mlango, saruji imeganda, mawe matupu. Mama yenu alikaa kizingitini akalia, nami sikuwa na la kumwambia.

Hesabu iliyotutoa hapo ni yake. Tofali mbili kwa siku: moja kutoka kwenye maandazi yake, moja kutoka kwenye kibarua changu. Kila wiki mbili tunanunua mfuko mmoja wa kilo 50, na unafyatuliwa siku hiyo hiyo, haulali ndani. Ulitupa tofali 28. Kwa mwaka, tofali mbili kwa siku ni 730. Miaka mitatu, 2,190. Hizo ni kuta, wanangu.

Na tofali mbichi inataka maji, la sivyo inameguka mkononi. Asubuhi na jioni, siku saba mfululizo, mama yenu alizimwagilia kwa kopo alilolitoboa matundu kwa msumari, taratibu, kama anayemwogesha mtoto mchanga. Hapo ndipo nilipomjua niliyemwoa.

Ziko wiki tulizokosa hata tofali moja. Mtoto akaugua, hela ikaenda hospitali. Wiki iliyofuata tulirudi kwenye mbili zetu. Hatukujitia kufidia kwa nne. Wewe mwanangu, siku umekosa, mwambie mwenzio usiku huo huo. Nawe mkewe, vivyo hivyo. Sisi tulipoanza kufichana, hata fundi alijua.

Ile mifuko iliyoganda hatukuitupa. Mitatu ndiyo ngazi ya mlango wangu wa mbele. Mkija kunisalimu mtaikanyaga. Na kopo la mama yenu nimewaletea. Liko kwenye kapu lile, chini ya kanga.