MAKADAMIA SI CHAKULA CHA WATALII TU
Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari, Njiro, Arusha

 

Nianze na msichana mmoja aliyeanguka mstarini asubuhi. Wenzake walisema ni malaria. Tulipompima, hakuwa nayo. Nikamwuliza, "Umekula nini, mwanangu?" Akajibu kwa sauti ndogo, "Sijala tangu jana mchana, mama. Naogopa kunenepa."

Kumbe kwa bibi yake, huko kwenye miteremko ya Mlima Meru, ipo miti miwili ya makadamia. Zote zinauzwa. Yeye hajaonja hata moja. Eti ni chakula cha Wazungu, tena kina mafuta!

Jamani, asili ya mti huu ni Australia, na wenyeji wa kule walikula makadamia kabla Mzungu hajafika. Leo jirani zetu wa Kenya ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa duniani.

Mafuta zinayo, siwafichi. Katika gramu 100, kama gramu 75 ni mafuta. Lakini mafuta hayalingani. Mengi ya haya ni ya jamii ileile iliyomo kwenye parachichi. Ukiyala badala ya mafuta ya wanyama, moyo na mishipa ya damu hunufaika. Kiganja kimoja, yaani kama gramu 30, kinatoa kalori 200 na ushee. Kula na uji asubuhi, njaa haitakusumbua kipindi cha hesabu. Anayenenepa ni yule anayezidisha. Basi iwe kiganja, si bakuli!

Zinaandaliwaje? Okota zilizoanguka zenyewe. Zilizochumwa changa hazina ladha. Ondoa ganda la kijani mapema, kisha anika kivulini mpaka kiini kicheze ukitikisa. Ganda la ndani ni gumu kama jiwe: weka kokwa kwenye kitundu cha ubao, gonga kwa nyundo. Kaanga bila mafuta, moto mdogo, ukigeuza, maana huungua upesi. Ukizitwanga, tia kwenye mchicha, kisamvu, makande au uji, kama unavyotia karanga.

Huna mti? Usihangaike, dukani ni ghali. Nunua karanga. Gramu 100 za karanga zina protini kama gramu 25. Makadamia zina 8 tu. Kwa kujenga mwili, karanga zimeshinda.

Sasa onyo. Zenye ukungu au uchungu, tupa. Ukungu huweza kuleta sumukuvu, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2016, Dodoma na Manyara, watu 20 walikufa kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi. Karanga nazo hushambuliwa. Tena, ukila ukavimba midomo au ukabanwa pumzi, wahi hospitali, na usizile tena. Mbwa wako usimpe makadamia, humdhuru.

Yule msichana alimwomba bibi yake. Bibi akacheka: "Mjukuu wangu, kumbe unazitaka? Mbona hukusema?" Siku hizi, kabla ya kuuza, wanajaza kwanza kopo moja la nyumbani.

Nanyi fanyeni hivyo. Uzeni, sare na madaftari yanunuliwe. Lakini msiuze chakula chote halafu mkaja shuleni na njaa.

Haya, nani ana swali?