Goita Baada ya Upasuaji: Tishu Inatuambia Nini?



Ombi langu leo ni moja: kila tezi dundumio inayotolewa ifike maabara ikiwa nzima.

Nyingi tunazopokea ni goita za manundu mengi. Ukizikata unaona ute wa kahawia unaong'aa, damu iliyovilia, makovu na chokaa. Chanzo chake kikuu, upungufu wa madini joto, kiliwatesa kwa muda mrefu watu wa Nyanda za Juu Kusini. Chumvi yenye madini joto imewakinga watoto wengi, lakini manundu yaliyokomaa kwa mama aliyevimba shingo tangu utotoni hayanywei kwa kubadili chumvi. Ndiyo maana bado tunamwona wodini.

Saratani hujificha humo humo. Ile ya papilari hutambulika kwa viini vya seli: vimepauka, vimekunjamana na kulaliana. Husambaa zaidi kwa njia ya limfu, hadi kwenye tezi za shingoni. Ya folikula, ambayo uwiano wake hupanda penye uhaba wa madini joto, ni ngumu zaidi. Ukizitazama seli zake moja moja, hazitofautiani na za adenoma, uvimbe usio wa saratani. Swali ni kama zimetoboa ganda la uvimbe au zimeingia kwenye mishipa ya damu. Sindano nyembamba hunyonya seli tu, ganda hailioni. Kwa hiyo haiwezi kuamua, hata ishikwe na mkono hodari.

Sasa fikirini kipande kidogo kilichokatwa katikati ya nundu, mbali na ganda. Tutaandika nini? Saratani hii husafiri kwa damu hadi mapafuni na mifupani. Mgonjwa anaweza kurudi baada ya miaka akiwa amevunjika paja bila kuanguka, akapokelewa wodi ya mifupa, na kovu la shingoni lisiulizwe. Jambo hili linaniuma, kwa sababu mara nyingi linazuilika.

Kuhusu uvimbe wa Hashimoto, ulioelezwa mwaka 1912, na ugonjwa wa Graves, nitoe tahadhari tu: wagonjwa wengi wa maradhi haya hutibiwa kwa dawa, hivyo rejesta ya upasuaji haionyeshi wingi wao kijijini.

Ili tezi ifike maabara salama, chombo kiwe kipana, formalini iwe walau mara 10 ya ujazo wa tezi. Goita iliyoshindiliwa kwenye kopo dogo huoza katikati kabla dawa haijapenya. Fungeni uzi ncha ya juu ili tujue upande. Kwenye fomu andikeni majibu ya sindano, na kama mgonjwa alikuwa akitumia kabimazole, kwani dawa hiyo hubadili sura ya tishu ya Graves na kumpotosha anayesoma.